Risala ya Wanafunzi wa Ustawi wa Jamii kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wazazi na wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli nyingi za wilaya ukaja kukaa nasi leo. Wenzangu wa mwaka wa pili wamenipa heshima ya kukusomea risala hii, inayohusu mradi wetu wa uchechemuzi, yaani utetezi na uhamasishaji: kuwarejesha shuleni wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa miaka mingi Tanzania Bara, binti akipata mimba shule kwake ilikuwa imekwisha. Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango kwa Waraka wa Elimu Namba 2, unaomruhusu kurejea katika shule ya kawaida ndani ya miaka miwili tangu alipoacha masomo.

Tulipoanza, tuliamini kazi yetu ni kuelimisha. Tukachapa mabango, tukaandaa hotuba, tukaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Watu walipiga makofi. Hakuna binti hata mmoja aliyerudi. Hotuba ile niliisoma mimi, na usiku ule usingizi ulinipaa.

Wiki iliyofuata tulikwenda nyumba kwa nyumba tukiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, tukaketi mkekani na kusikiliza. Binti mmoja, amempakata mwanawe wa miezi minane, alituambia: "Dada, shule naitaka. Mtoto nitamwacha na nani?" Mama yake hutoka alfajiri kwenda kuuza mboga sokoni. Nyumba nyingine, baba hakuwa amewahi kuusikia waraka. Aliambiwa mwanawe kafukuzwa, akaamini yamekwisha. Kwingine tulikuta kimya kizito. Sheria inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na familia mbili zilikuwa zimeshayamaliza kimyakimya. Binti mwenyewe hakuulizwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Hapo tuliufuta mpango wetu wa kwanza wote. Sasa mabinti ndio wanaoamua lipi lisemwe na lisemwe kwa nani. Sisi tunaandika barua, tunafuatilia kwa Afisa Elimu Kata, na tunahesabu miezi, maana miaka miwili hupita upesi kwa mwenye mtoto mgongoni. Majina yao hatutayataja hapa, tuliwaahidi.

Watatu wamerejea darasani. Watoto wa wawili wanalelewa na bibi zao, wa tatu amesaidiwa na jirani. Changamoto ya nauli tunayo, ila hiyo tunaimudu kwa kuchangishana.

Tusiloliweza ndilo tunaloliomba kwako, Mheshimiwa. Kwanza, waraka ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kila ofisi ya kata na kijiji, na watendaji wausome mikutanoni. Pili, tupatiwe chumba kimoja karibu na shule ya sekondari, watoto walelewe humo na mama zao waje kunyonyesha saa ya mapumziko. Akina mama wawili wa kijiji wamekubali kulea. Wanahitaji paa, mikeka na maji.

Binti tuliyemkuta amempakata mwanawe bado yuko nyumbani. Miaka yake miwili inaisha Januari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.