Alama ya kipenyo imegeuka herufi n, mabamba manne yameharibika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niseme jambo linaloniuma. Mimi ni mchora ramani za vipuri vya mashine hapa Dar, na wiki mbili zilizopita tumeharibu mabamba manne ya chuma ya milimita 25 kwa sababu ya fonti, yaani sura ya maandishi kwenye kompyuta, fonti tu.

Ilikuwa hivi, orodha ya matundu niliitoa kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, nikaitia kwenye Excel, kwangu inasomeka safi kabisa, alama ya kipenyo halafu 20, kimshale cha kina halafu 15, maana yake tundu la duara la milimita 20 liingie milimita 15 tu lisitokee upande wa pili. Nikamtumia fundi WhatsApp. Kompyuta ya karakana haina ile fonti ya GDT, fonti ya alama za michoro ya kiufundi niliyoitumia, na Excel haibebi fonti ndani ya faili, basi fundi akaona "n20 x15". Wewe umeshika drili hapo unaelewa nini? Akanipigia, nipo kwenye daladala sikusikia simu, kazi inangojwa, akatoboa mpaka ng'ambo. Simlaumu hata kidogo.

Watu hawajui kwamba kwenye fonti ile hakuna alama, ni herufi n imevalishwa sura ya kipenyo na x imevalishwa sura ya kina, ukiivua fonti inabaki herufi. Na %%c, msimbo tunaoandika kwenye AutoCAD, ni hivyo hivyo, AutoCAD inaigeuza alama ya kipenyo lakini Excel inakuonyesha %%c kama ilivyo, pamoja na %%d ya digrii na %%p ya ±.

Jamani andikeni alama yenyewe. Shika Alt, andika 0216 kwenye namba za kulia za kibodi, unapata Ø, 0176 ni °, 0177 ni ±. Hiyo Ø kwa kweli ni herufi ya Wadenmaki na Wanorwe ila mafundi wote wanaijua. Alama halisi ya kipenyo, ⌀, unaipata kwa fomula =UNICHAR(8960) kuanzia Excel 2013, lakini si kila fonti inayo kwa hiyo mimi nimebaki na Ø, na kina sasa naandika kwa maneno, "kina 15". Faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, nalo lifunguliwe kama UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi, la sivyo Ø inakuja Ã˜. Na kila orodha iende na PDF yake, PDF ikitengenezwa vizuri inabeba fonti zake.

Walimu wa vyuo vya ufundi nawaomba mliingize hili darasani, haimalizi hata kipindi kimoja. Na nyie wa karakana, mkiona n au %%c mbele ya namba msiwashe drili, pigeni simu, isipopokelewa pigeni tena.

Mchora ramani,
Dar es Salaam