Mashine ya gesi ya kukata nyasi si jiko la magurudumu

Mhariri,

Mvua ndefu zikishika, nyasi za viwanja vya shule, makanisa na hoteli hapa Nakuru hazimngoji mtu. Kwa kuwa petroli ni ghali, baadhi ya wasimamizi wamegeukia mashine za kukata nyasi zinazotumia propani, yaani gesi ya mtungi. Ni mashine nzuri: kabureta haizibwi na petroli iliyolala, na oili hukaa safi kwa muda mrefu zaidi. Kinachotutia hofu ni jinsi zinavyotumiwa. Jiko hutulia mahali pamoja, lakini mashine hii hutikisika saa nzima huku eksozi yake ikichemka karibu na mtungi.

Mtikisiko huo ndio hulegeza viungo. Kila unapofunga mtungi, injini ikiwa imepoa na ukiwa nje, paka maji ya sabuni kwenye vali, regyuleta (kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi) na ncha zote mbili za mpira unaopitisha gesi. Fungua vali polepole, kisha tazama. Kiputo kimoja kinachokua, kupasuka na kuota tena palepale kinatosha kukuambia usiiwashe. Kabla ya kulaumu kiungo, kagua pete ndogo nyeusi ya mpira mahali mtungi unaposhika: ikiwa imekauka au ina ufa, weka mpya ya aina ileile iliyotengenezewa gesi. Tafadhali msikate kipande cha tyubu ya baiskeli mkakiweka hapo. Mpira wa namna hiyo haukutengenezewa propani. Gesi huuvimbisha na kuulainisha, na kiungo kilichoziba leo huanza kuvuja baadaye. Hali kadhalika paipu ya maji ya bustani.

Ukifungua vali kwa pupa, mashine nyingi hujifungia gesi zenyewe, na injini hukataa kuwaka. Hapo watu huanza kufungua plagi na kabureta bure. Funga vali, subiri kidogo, ufungue tena taratibu.

Mtungi wa kawaida lazima usimame wima. Ndani yake propani ni kimiminika chini na mvuke juu, na regyuleta ya mashine ndogo imetengenezewa mvuke. Ukiulaza, au ukiipindua mashine usafishe kisu mtungi ukiwa bado umefungwa, kimiminika huingia kwenye mpira. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sufuri, kwa hiyo regyuleta huganda barafu nyeupe, injini hujaa gesi na kuzima, na tone likigusa kidole huunguza ngozi kama moto. Mitungi ya kulala ipo kwenye mashine kubwa za kuendeshwa, nayo huwa na alama ya upande wa juu. Alama hiyo ifuatwe, kwa sababu vali ya usalama lazima iguse mvuke.

Kuhusu kujaza: mtungi haujazwi hadi pomoni. Nafasi ya asilimia 20 huachwa makusudi, kwa kuwa kimiminika hutanuka kwa joto. Wanaopindua mtungi wa kilo 13 juu ya ule wa kilo 6 ili kuokoa shilingi chache huila nafasi hiyo bila kujua. Jua la mchana la Kisumu likiuchapa mtungi wa aina hiyo uwanjani, vali ya usalama hufunguka na kumwaga gesi kando ya injini inayounguruma.

Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ikivuja haipandi, hutambaa chini na kulala mitaroni na kwenye pembe za stoo. Harufu iliyotiwa ndani yake ni msaada, ila nyasi mbichi na moshi wa eksozi zinaweza kuifunika, basi usitegemee pua peke yake. Na usiiwashe mashine ndani ya stoo hata kwa dakika moja. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Mashine iliyorekebishwa pwani hupata gesi nyingi kuliko hewa na kutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu, kwa wingi zaidi, bila moshi wa kukushtua. Fundi airekebishe upya.

Ukimaliza kazi, usianze na swichi. Funga vali ya mtungi kwanza, uache injini imalize gesi iliyobaki kwenye mpira na izime yenyewe. Kisha ng'oa kifuniko cha plagi kabla mkono haujakaribia kisu, na futa nyasi kavu zilizojibana kwenye eksozi ikishapoa.

Mtungi uhifadhiwe nje, wima, kivulini, mbali na jiko la mpishi wa shule. Hata ukiwa mtupu bado una mvuke ndani: vali ifungwe kabisa, na usisafirishwe ndani ya buti la gari lililofungwa.

Fundi wa mashine ndogo,
Nakuru