Sindano na degedege

Bagamoyo

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nimemshukuru Mungu kusikia kwamba mjukuu wangu amepona, na kwamba mumeo alimkimbiza kituo cha afya usiku uleule. Kilichoninyima usingizi ni hayo uliyoongeza mwishoni, kwamba mama mkwe wako ameapa safari nyingine mtoto asichomwe sindano, kwa kuwa sindano humwua mwenye degedege. Nimeona nikuandikie, kwani maneno haya hayasemeki kwenye simu mbele ya wakwe.

Hatukuwahi kukueleza kwamba wewe mwenyewe ulishikwa, mwaka 1996, ukiwa na miezi 14. Homa ilipanda baada ya magharibi, ukageuza macho, mikono ikakakamaa, povu likakutoka. Bibi yako alifunga madirisha akakufukiza kwa mavi ya tembo aliyokuwa akiyaweka katika kopo la maziwa, maana wazee wetu waliamini kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku apitaye juu ya paa. Mimi nami nikakutia kijiko kinywani usijing'ate ulimi, na kijiko hicho ndicho kilichokuchubua ufizi. Tulikaa hivyo hadi alfajiri. Hospitalini ulikutwa na malaria kali na sukari imeshuka katika damu, ukatundikiwa dripu ya kwinini, na siku ya tatu ndipo ulipotaka kunyonya.

Simlaumu bibi yako. Watoto wengi walifikishwa hospitalini wakiwa mahututi, wakachomwa sindano, wakafa muda si mrefu. Watu wakaona sindano na kifo vikifuatana, wasiuhesabu usiku mzima uliopotelea nyumbani. Mweleze mama mkwe wako hivyo, kwa adabu, akiwa peke yake. Mwambie pia kwamba malaria kali siku hizi hutibiwa kwa sindano ya artesunate, na kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, yetu ikiwamo, ulionyesha kuwa sindano hiyo huokoa watoto wengi zaidi kuliko ile kwinini yangu ya dripu.

Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anaweza kupata degedege kwa homa yoyote iliyopanda, na mara nyingi hutulia baada ya dakika chache bila kumwachia kilema. Lakini huko Kilosa kwenye mbu, hakuna awezaye kutambua kwa macho kama ni homa tu, au ni malaria iliyopanda kichwani, au ni homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo hata akitulia na kucheka, apelekwe akapimwe. Akipewa dawa ya mseto ya malaria, aimalize siku zote 3, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.

Akishikwa tena, mlaze ubavu mahali pasipo na kitu cha kumwumiza, usimbane viungo, usimtie chochote kinywani, wala kijiko wala dawa, na utazame saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, ondokeni naye hivyo hivyo. Akizinduka na kuweza kumeza, mnyonyeshe njiani ili sukari isimshuke.

Nimempa kondakta wa basi la Jumamosi chandarua kipya chenye dawa. Kile cha zamani, chenye tundu karibu na mto, usikitupe. Kishone, kitafaa dirishani.

Mama yako