Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lambo Kwanza, Daraja Baadaye

Ndugu wanachama,

Mwaka mzima mmeuliza kwa nini tunalikata lambo la juu ili mto upite wazi, wakati linalowasumbua ni daraja la chini. Daraja jipya chini ya lambo bovu ni fedha iliyotupwa mtoni. Bwawa la Patel kule Solai, Kenya, lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, liliua watu zaidi ya 40.

Lambo letu lina maradhi matatu. Mikaratusi imeachwa iote juu ya tuta. Mti ukifa, mzizi huoza na kuacha tundu. Bomba la kutolea maji halina kola za zege, yaani pete za kuzuia maji kufuata bomba, hivyo maji yanatambaa kando yake. Yangekuwa maangavu tungevumilia kidogo, lakini yanatoka na rangi ya udongo: tuta linaliwa kwa ndani. La tatu tumejitakia wenyewe. Utoro, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, umezibwa kwa viroba vya mchanga ili maji ya mifugo yadumu hadi Oktoba, na sasa mafuriko hayana pa kupita ila juu ya tuta.

Kubadilisha bomba ni kulichana tuta hadi msingi, tena kwa ajili ya lambo lililojaa tope. Kamati imekataa.

Kazi itaanza masika yakiisha, vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde na NEMC (baraza la taifa la mazingira) vikiwa mkononi. Maji yatashushwa kwa mabomba ya inchi 6 yaliyopitishwa juu ya tuta, yavute yenyewe, yasishuke zaidi ya sentimita 30 kwa siku. Ukiharakisha, udongo wa upande wa maji hubaki umelowa na hauna cha kuuegemea, ukaporomoka na kijiko chako (mashine ya kuchimbia) juu yake. Ndipo mkato uchimbwe hadi kitako cha asili cha mto, kingo zikilazwa mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo, upana wa chini usipungue ule wa mto. Tope lizungushiwe miiba: juu hukauka na kupasuka, chini bado uji, na ng'ombe akizama ni wa kuvutwa kwa kamba.

Mto ukishafunguliwa hubadilika. Mafuriko yatafika darajani bila kupoozwa, pamoja na mchanga wa miaka. Kwa hiyo tutautazama masika moja ndipo tupime upana wa daraja jipya. Litajengwa pembeni, kama ilivyofanywa kwenye mto Wami, ambako daraja la 1959 liliendelea kubeba magari hadi jipya likamilike.

Sakafu ya zege ya daraja la zamani, mita 8 kwa 4, unene sentimita 25, ni mita za ujazo 8, karibu tani 20. Kreni ya tani 25 haiuwezi mzigo huo ikinyoosha mkono. Ikatwe vipande vinne, kila kimoja kikiwekewa nguzo za kukiegemeza kabla ya msumeno kugusa. Kifusi chote kitoke mtoni. Kikibaki, husukuma maji kwenye msingi mpya. Nondo zitakazotoka humo zipimwe kwa kilo mbele ya kamati, si kwa macho.

Hesabu anazo mhazini. Cha kupigia kura leo ni mahali mifugo itakapokunywa maji kuanzia Julai. Kamati inapendekeza kisima kirefu chenye birika, nje ya mkondo, na kila mwenye ng'ombe achangie kwa kichwa.