Risala ya vijana kwa Mheshimiwa: bahasha baki nayo

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mchungaji, wazee wa kanisa, mama zetu, majirani zetu Waislamu mliotoka swala ya alasiri mkaja moja kwa moja, na vijana wenzangu mlioketi huko nyuma karibu na mahamri, Bwana asifiwe. Tena asifiwe. Majirani, asalamu aleikum.

Mimi ndiye katibu na nimeambiwa risala isizidi dakika kumi, lakini katibu wa mwaka jana aliambiwa hivo hivo akasoma nusu saa, kwa hivyo mjipange.

Mheshimiwa, vikundi vingi vikisoma risala husema vilianza kwa maono. Chetu kilianza kwa ugomvi. Wakati wa kampeni za 2022 mgombea mmoja (jina tuliweke kando, na si wewe, usishtuke) aliingia ibadani katikati ya nyimbo za sifa, akapewa maiki, akasema yeye ni mtoto wa kanisa, akataja Daudi na Goliathi, Goliathi bila shaka akiwa ni mpinzani wake, akaacha bahasha ya pesa za mabati. Hayo mabati hadi leo hakuna aliyeyaona. Kwaya ikasema pesa ni za sare, sisi vijana tukasema ni za spika, mweka hazina akaweka funguo mezani akaenda zake, familia mbili zikahamia kanisa jingine. Wiki iliyofuata tukakaa chini ya mwarobaini pale nje tukaulizana, kwani kanisa la Mombasa lilianza lini kuyumbishwa na wenye nguvu? Mzee mmoja akacheka sana, akatuambia nendeni mkaiulize Fort Jesus.

Basi tukaenda. Kusema ukweli wengi wetu ile ngome twapita nje tu, twaona ni mambo ya watalii na wapiga picha za harusi. Ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya mfalme wa Ureno, ambaye wakati huo ndiye huyo huyo mfalme wa Uhispania, ramani ikachorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati, halafu wakaipa jina la Yesu. Mizinga imeelekezwa kwa watu na langoni jina la Yesu. Na ndani yake kuna kisa cha Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa hapa hapa. Babake alikosana na Wareno akauawa kwa njama zao 1614, mtoto akapelekwa Goa huko India, akalelewa na mapadri Waagustino, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa atawale chini yao. Agosti 1631 akaingia ngomeni akamuua kapteni wa Wareno, halafu Wakristo wa mji wakaambiwa wachague, waiache dini au wafe, na wengi wakakubali kufa, Wareno kwa Waafrika.

Siku tuliyoisoma hiyo, mwenzetu mmoja alitaka kuigeuza iwe hadithi ya Waislamu wabaya na Wakristo wema, tukabishana mpaka giza likaingia. Manake ukianza kuhesabu 1631 unairuka 1614. Wale waliokufa kwa imani yao ni mashahidi, hapo hatuna ubishi. Lakini aliyempangia babake Yusuf kifo alikuwa anasali kanisa gani? Miaka kumi na saba baadaye deni likaja kudaiwa kwa mama wa watu aliyekuwa anaenda zake misa. Ndiyo sababu Mheshimiwa mtu akisimama leo akatuambia ati nchi ikitawaliwa na mcha Mungu mambo yote yatanyooka, sisi wa Mombasa tuna haki ya kukuna kichwa kidogo.

Lakini hatukuishia kisiwani. Ukivuka daraja la Nyali utasikia makondakta wanaita Kengeleni, Kengeleni, na nusu ya abiria hawajui ni kengele ya nini. Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitia sahihi 1873 biashara ya watumwa baharini ikomeshwe, na mwaka 1875 hivi wamisheni wakawa na kijiji pale Freretown cha watu waliotolewa majahazini. Wazee husema kengele ililizwa jahazi la wanaowinda watumwa likionekana, watu wajifiche. Usidhani palikuwa peponi, mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa pale alilalamikiwa kwa kuwachapa viboko watu hao hao waliookolewa. Hata penye kengele mjeledi uliingia.

Anayetupendeza sisi zaidi ni William Jones wa Rabai, kituo cha misheni huko bara ya Mombasa. Alikuwa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa India, akarudi huku akawa mhudumu wa kanisa. Watoro wakawa wanakimbilia Rabai kutoka mashambani, mamia kwa mamia, na sheria ya wakati ule ilisema wale ni mali ya watu, na wakubwa wa misheni walikuwa hawataki ugomvi na waungwana wa mji. Jones akawapokea. Mwisho kampuni ya Waingereza ikabidi iwalipe waliokuwa mabwana zao, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu elfu moja wakapewa karatasi za uhuru pale pale Rabai. Nyinyi waheshimiwa mwaipenda sana Warumi 13, ya kutii mamlaka, hatuwalaumu, hata sisi tungekuwa madarakani tungeipenda. Lakini Kumbukumbu la Torati 23:15 yakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake, na hiyo hatujawahi kuisikia ikisomwa kwenye mkutano wa siasa.

Jambo la tatu ni ardhi, na hapa wazee wameniambia nisome polepole. Serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi ya Pwani 1908, kila mwenye dai alilete na ushahidi wake, na ardhi ambayo hakuna aliyeithibitisha ikawa ya serikali. Wenye karatasi wakapata. Bibi aliyekuwa na minazi, makaburi ya wazee wake na kisima alichochimbiwa na mumewe akaambiwa hana kitu. Wajukuu zake leo ndio tunaowaita maskwota, wako hapa wameketi, wengine ni wanakwaya. Sasa fungua 1 Wafalme 21, Nabothi na shamba lake la mizabibu. Sisi tulizoea kuhubiriwa kwamba mfalme Ahabu alikuwa na tamaa, basi, twende nyumbani. Lakini soma vizuri uone mkewe Yezebeli alitumia nini. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akatafuta mashahidi wawili wa uongo, kesi ikasikizwa hadharani tena siku ya kufunga na kuomba! Kila kitu kilikuwa na karatasi. Binti mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyetuonyesha hilo, akasema kumbe Nabothi alikuwa skwota kwenye shamba la babu yake, na wazee wawili wakainama. Hatukuendelea na somo siku hiyo.

Ya siku hizi nitayapitisha haraka. Juni 2024 wakati wa maandamano ya Gen Z ya kupinga mswada wa fedha baadhi yetu tulikuwa barabarani na baadhi yetu tulikuwa tumefungiwa ndani na mama zetu, na grupu letu la WhatsApp lilikaribia kuvunjika. Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha pesa zilizotolewa kanisani na Rais, na kabla ya hapo, Septemba 2021, Waanglikana walishasema mwanasiasa hapewi tena mimbari. Tulipiga makofi, ingawa kurudisha ni rahisi ukiwa na dayosisi nyuma yako, jaribu ukiwa na paa linalovuja. Na Shakahola, hapo Kilifi tu, 2023, msituni ambako mhubiri aliwaambia wafuasi wake wafunge hadi kufa, zaidi ya miili 400. Hiyo hatuna maneno nayo, ila kwamba tangu siku ile mchungaji akisema jambo twafungua Biblia tuangalie wenyewe, na mchungaji wetu, Mungu ambariki, hajakasirika.

Kuna na hili la utamaduni, la watu wanaotuambia Mkristo hawezi kuwa Mswahili wa kweli, au Mkristo akijifunga leso anarudi nyuma. Mmisionari Krapf alipofika hapa 1844 akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Injili, imani, dhambi, roho, maneno haya tumekopeshana miaka mingi, nani atarudisha lipi? Uchaguzi wa 2027 waja na kuna watu watajaribu kututenga tena kwa msikiti na kanisa.

Sasa maombi. Kwanza, bahasha baki nayo. Tumepiga kura, kumi na tisa kwa sita, na hao sita wako hapa wamenuna. Pili, twaomba nakala ya bajeti ya wadi ibandikwe pale kwenye ubao wa nje, na mikutano ya kutoa maoni ifanywe Jumamosi, hizi za Jumanne saa nne asubuhi huhudhuriwa na wasio na kazi na wanaolipwa kuhudhuria. Tatu, wazee watano wa hapa hawajui ploti zao zimeandikwa kwa jina la nani, twaomba uende nao ofisi ya ardhi, wewe mwenyewe, upige foleni nao. Nne, matatu moja ya kutupeleka Rabai Desemba. Hii ya nne tumebishana kama nayo ni bahasha, jibu hatujapata, kwa hivyo ukikubali mlipe dereva moja kwa moja.

Umecheza mpira na kaka zetu kwenye uwanja huu huu kabla haujazungushiwa ukuta, na kuhusu huo ukuta pia tuna swali. Maiki hii hapa Mheshimiwa, una dakika kumi, mchungaji anashika saa.