Kalsiamu haizibi tundu la jino

Wanaoulizia kalsiamu kwenye duka letu la dawa hapa Mwembe Tayari, Mombasa, huwa wameletwa na jino, mimba au goti. Wote huomba kidonge kilekile, na wengi wameshaelekezwa na jirani wachukue kipi. Kuuza tunauza, ndiyo kazi yetu. Lakini mtu akija na jino huwa tunamuuliza maswali kwanza, maana mara nyingi pesa anazotoa hazitalifikia jino lenyewe.

Ni kweli kwamba karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno, na fosforasi nyingi imo humo humo. Hapo ndipo watu wanapokata shauri kuwa jino likitoboka basi kalsiamu imepungua. Lakini mfupa na jino havitengenezwi kwa njia moja. Mfupa uko hai, una damu, na seli zake hubomoa na kujenga mchana na usiku. Kwa mtu mzima, kama sehemu moja ya kumi ya mifupa hujengwa upya kila mwaka. Ni kama zile nyumba kongwe za Kibokoni: boriti ndiyo protini ya kolajeni, chokaa ndiyo kalsiamu na fosforasi, na fundi yumo ndani hatoki. Gamba la nje la jino halina fundi. Kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake ni madini matupu, damu haipiti, na seli zilizolitengeneza hupotea jino linapochomoza kwenye ufizi. Ukimeza kidonge, kalsiamu inaingia kwenye damu, na damu haifiki pale penye tundu.

Kinachotoboa jino ni asidi. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari, wanatoa asidi, na asidi ikizidi, yaani kipimo chake cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyokuwa kali, kikiwa chini ya 5.5 hivi, madini yanaanza kuyeyuka kutoka kwenye gamba. Mate ndiyo yanayoyarudisha, kwa sababu yana kalsiamu na fosfati zake, ila yanataka nafasi ya nusu saa mpaka saa nzima bila kitu kitamu. Anayemung'unya mabuyu tangu adhuhuri hadi magharibi hayapi mate nafasi hiyo hata kidogo. Na mabuyu yanasikitisha, kwani unga wa mbuyu wenyewe una kalsiamu ya kutosha. Tatizo ni ile sukari na rangi tunayoupikia. Vibaya zaidi ni muguka, yale majani ya kutafuna, wa usiku kucha unaosindikizwa na chingamu tamu na soda. Meno ya watu hao huoza kwenye shina, pale jino linapokutana na ufizi, na kijana wa miaka ishirini na kitu anakuja anataka kalsiamu. Kahawa chungu barazani haina neno. Kashata na haluwa uzile kwa kikao kimoja, sukutua kwa maji, basi.

Madini yanayolisaidia jino moja kwa moja ni floridi, na yanafanya kazi yakiligusa. Angalia tyubu ya dawa ya meno: iwe na floridi kati ya 1000 na 1500 ppm. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, tema povu, usisukutue kwa maji mengi ukaiondoa yote. Mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere, naye afundishwe kutema. Mswaki wa mti unasafisha vizuri na hatumkatazi mtu, ila usiku ongeza dawa ya meno.

Floridi ikizidi nayo ina madhara. Wateja waliokulia pande za Nakuru na Bonde la Ufa huja na meno yenye madoa ya kahawia, wakidhani ni uchafu. Hayo yanatokana na maji ya chini ya ardhi kule, ambayo kwenye sehemu nyingi yanapita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Doa liliingia utotoni, jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi. Kulisugua kwa mkaa na ndimu hakuliondoi, kunalikwangua gamba tu. Hilo ni la daktari wa meno, sisi hatuna cha kukuuzia.

Kina mama wajawazito husikia kwamba kila mtoto anaondoka na jino la mamake. Siyo hivyo. Mtoto anachukua kalsiamu kwenye chakula cha mama, na chakula kikipunguka anachukua kwenye mifupa yake, meno hayaguswi. Yanayoharibika wakati huo huharibiwa na kutapika, kwa kuwa asidi ya tumbo inapita juu ya meno, na pia na fizi zinazovimba na kutoka damu. Ukishatapika, sukutua kwa maji yenye magadi kidogo ya kupikia, na usipige mswaki papo hapo. Ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni hatuushauri: unazuia mwili kuchukua madini ya chuma, na baadhi yake umepatikana na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kuhusu goti tutasema machache. Maumivu mengi ya goti kwa watu wazima yanatoka kwenye gegedu iliyolika, ule mto laini kati ya mifupa, na kalsiamu haiirudishi gegedu. Kalsiamu inahusu mwanamke aliyekoma hedhi ambaye mifupa yake inazidi kuwa myepesi, hasa kama ameshavunjika kifundo cha mkono au nyonga kwa kuanguka kidogo tu. Bibi wa namna hiyo apelekwe hospitali akapimwe, asiletewe vidonge nyumbani na mjukuu.

Sasa chakula. Mtu mzima anahitaji kiasi cha miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1200, na kijana anayekua 1300. Glasi moja ya maziwa au maziwa mala inatoa kama 300. Dagaa wakavu wa Kongowea, wanaoliwa na miiba yao, ndio chaguo letu kwa asiye na pesa ya maziwa kila siku. Waoshe vizuri wapunguze chumvi, maana chumvi nyingi huitoa kalsiamu kwenye mkojo. Sukuma wiki inatoa kalsiamu yake kwa urahisi. Spinachi ina kalsiamu ya kusifiwa kwenye karatasi, lakini oksalati, asidi iliyomo ndani yake, inaishikilia, na mwili unapata kama asilimia 5 tu.

Na yote hayo yanahitaji vitamini D ili yapite utumbo. Watu wa Mombasa hucheka wakisikia wanapungukiwa na jua. Lakini ngozi nyeusi inataka jua la muda mrefu zaidi, buibui linalizuia, kioo cha dirisha nacho kinalizuia, na mtoto mchanga anafungiwa chumbani miezi mingi. Ukiona miguu ya mtoto inapinda kwa matege, au amechelewa kusimama, nenda kliniki.

Ukiandikiwa vidonge, soma pakiti vizuri. Kidonge kilichoandikwa kalsiamu kabonati miligramu 1250 kina kalsiamu yenyewe 500 tu. Hiyo 500 ndiyo inayotosha kwa mara moja. Ukimeza viwili pamoja, sehemu kubwa inapotea. Kabonati imezwe na chakula, kwani inahitaji asidi ya tumbo, na anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi hiyo, kila siku atuambie, kuna kalsiamu ya aina ya sitreti inayomfaa zaidi. Vidonge vya damu vya kliniki, yaani vya madini ya chuma, usivimeze pamoja na kalsiamu, viachanishe kwa saa mbili au zaidi. Doxycycline na ciprofloxacin, dawa za kuua bakteria, vilevile hushikwa na kalsiamu zikakosa nguvu, na mwenye dawa ya tezi shingo aweke nafasi ya saa nne katikati. Aliyewahi kuwa na mawe kwenye figo, au mwenye ugonjwa wa figo, asinunue bila daktari, hata akitubembeleza.

Ukija, beba dawa zote unazotumia kwenye mfuko mmoja, na za mitishamba pia, tukupangie saa za kumeza. Kupanga hatutozi. Tunafungua saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, na Ijumaa tunafunga saa sita na nusu mchana mpaka saa nane.