Msiisingizie theluji, ugomvi uko kwenye banio

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya ukurasa wa tatu, yenye picha ya Kibo, kilele cha mlima Kilimanjaro, iliyopigwa kutoka ndani ya ndege, nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili chai imenipoea mezani. Eti theluji ikiisha mito itakauka, na mito ikikauka watu wa Kilimanjaro watachinjana. Miaka ishirini na kitu nanunua gazeti hili na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Leo nimeshindwa.

Tuanze na hiyo theluji. Barafu ya Kibo imepungua, hilo halina ubishi. Mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2000 zilikuwa zimebaki mbili na nusu na ushei. Mwaka 2002 wataalamu wakatuambia itakwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha, na sasa tunaambiwa kabla ya 2050. Haya. Ila jaruba langu la mpunga halinywi barafu. Maji ya mito yetu yanatoka msituni, kule kwenye mita 2,200 hivi, ambako mvua hunyesha kuliko kwingine kote mlimani na miti hukamata ukungu. Yanazama ardhini, yanakuja kutokea huku chini kwenye chemchemi. Ya barafu ni kidogo mno. Mlima ulipowaka Oktoba 2020 mlituletea picha nzuri za moshi, lakini hakuna aliyeuliza kile kilichoungua kule juu kitarudi lini.

Sisemi hali ya hewa ni ileile. Masika yanachelewa, halafu yanakuja na hasira na kuzoa miche. Kiangazi nacho hakijui tena kwenda kwao. Lakini mvua haishiki panga. Watu wa tambarare tuligombana wakati hakuna aliyekuwa akitaja tabianchi. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani, mpunga ulilipa, na waliokuwa nje ya mradi, juu ya mto, nao wakachimba majaruba yao. Ungewazuia kwa lipi? Mto unapita mlangoni kwao. Maji yaliyopimwa kwa shamba moja yakaanza kugawanywa kwa mashamba mawili, na sisi wa mwisho wa mfereji tukabaki na matope.

Sasa niwaeleze ugomvi wenyewe, maana mwandishi wenu hakuuona. Februari, miaka miwili iliyopita, zamu yangu ilikuwa saa sita usiku hadi saa tisa. Nilikuwa nimeshapandikiza, na siku mbili bila maji zingetosha kuniua kabisa. Nikaenda na mpwa wangu, tochi moja. Maji yakaja vizuri kama nusu saa, kisha yakapungua, kisha yakakata. Tukaufuata mfereji kwenda juu, mwendo wa saa nzima, mpaka kwenye banio, pale maji ya mto yanapogawiwa mifereji. Tukalikuta limezibwa kwa viroba vya mchanga na vigogo vya migomba, maji yote yameelekezwa upande wa pili, na watu watatu wamekaa juu ya ukuta wanavuta sigara. Mmoja wao ni baba wa ubatizo wa binti yangu! Tulikuwa tumepeana mkono kanisani Jumapili ileile. Nikamwambia, baba, hii ni zamu yangu. Akanionyesha simu yake: saa yake inasema saa tisa imeshapita. Yangu inasema saa nane kasorobo. Mpwa wangu, ujana, akavuta kiroba kimoja. Akakatwa panga mkononi, nyuzi sita. Tukaenda kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukaulizwa barua ya mtendaji. Mtendaji akauliza barua ya chama cha wamwagiliaji. Katibu wa chama alikuwa kwenye semina ya utatuzi wa migogoro ya maji. Aliporudi akatuita kikaoni na kutusomea vipeperushi. Babu zetu wa mifongo, ile mifereji ya asili, mtu akiiba maji, alitozwa mbuzi na pombe ya mbege, wakaimaliza siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niulize pia habari ya mita za maji ya bomba huku kwetu. Bomba linakohoa upepo asubuhi nzima, mita inazunguka, mwisho wa mwezi naletewa bili. Nalipia upepo. Je, huo nao umeletwa na theluji?

Dawa ninayo. Kila lango la banio lifungwe kwa kufuli mbili tofauti. Ufunguo mmoja akae nao mama wa juu ya mto, wa pili mama wa chini ya mto, wote wawe wamepita miaka 60, na lango lisifunguke mpaka wote wawili wawepo. Pembeni ining'inizwe saa moja ya ukutani, ile ya mshale, na simu ya mtu isihesabike. Mlinzi anunuliwe buti za mpira. Wa sasa anakuja na kandambili.

Na mwandishi wenu aje Februari, saa sita usiku, nimpeleke. Tochi ninayo. Betri aje nazo.

Mkulima wa mpunga,
Tambarare ya Moshi